Shajara ya mradi: Banda la majike walio kwenye joto, Kisongo

Mradi wenyewe

Mbwa wa kazi ni wanane: madume watano na majike watatu, Tausi, Nyota na Kanga. Malindo ni sita kila usiku. Sita wapo kazini, mmoja anapumzika, mmoja ni wa akiba. Jike akiingia joto (siku za kutaka dume) anatoka kazini wiki nne, na wengi huingia mara mbili kwa mwaka. Kwa majike watatu, hizo ni wiki 24 za kukosa mbwa ndani ya mwaka mmoja. Mbwa wa akiba anaziba pengo la jike mmoja. Wakiingia wawili kwa pamoja pengo linabaki wazi, na hapo ndipo watu hushawishika kumrudisha jike lindoni siku ya 12 kwa sababu "damu imekatika". Katika mzunguko mzima hakuna siku mbaya kuzidi hizo zinazofuata damu kukatika.

Kazi za mradi ni tatu: banda la kuwatenga, kalenda inayoongozwa na mwili wa jike mwenyewe, na uangalizi wa wiki 12 baada ya joto kwisha. Hiyo ya tatu husahaulika kuliko zote, na kuisahau ndiko kunakoua.

18 Januari. Kalenda kwanza, tofali baadaye

Jike wa mbwa huingia joto kwa wastani kila baada ya miezi saba, lakini mbwa hawafanani: wapo wa miezi mitano, wapo wa mwaka mzima. Kwa hiyo wastani tumeuweka pembeni, tunafuata historia ya kila mmoja. Tausi (Malinois, miaka 4, kilo 26) ana rekodi mbili zilizopishana miezi sita na nusu. Anatarajiwa Machi. Nyota ana rekodi moja. Kanga hana hata moja, alinunuliwa mkubwa na kabla ya hapo alikuwa anazurura mtaani.

Siku ya 1 ni siku tone la kwanza linapoonekana. Isihesabiwe kuanzia siku madume walipoanza kulia usiku, maana madume hunusa mapema na hawana tarehe. Ili tone lisipite bila kuonekana, mwongoza mbwa anagusisha tishu nyeupe kwenye uke wa jike kila asubuhi kabla ya chakula na kuandika herufi moja kwenye daftari: S kwa safi, P kwa pinki, N kwa nyekundu. Ni kazi ya sekunde kumi. Majike wengine hujilamba mno, sakafu ikabaki safi siku nne au tano, lakini tishu haidanganywi. Ukaguzi unaanza wiki tatu kabla ya tarehe inayotarajiwa. Kwa Kanga, asiye na rekodi, ni kila siku mwaka mzima.

25 Januari. Mahali pa kujenga

Ndani ya kiwanja cha eka moja na nusu hakuna kona itakayowaficha madume harufu. Umbali na upepo vinapunguza tu vurugu. Tumefunga tepe za kitambaa kwenye nguzo tatu na kuziangalia siku saba, saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Mara nyingi tepe zilielekea magharibi. Banda linakwenda upande huo, mita 55 kutoka vizimba vya madume, ili upepo uichukue harufu na kuipeleka mbali nao.

Ubaya wake ni kwamba upande wa magharibi umepakana na njia ya mifugo iendayo mnadani, na mbwa wa wachungaji hupita hapo wakiwa huru asubuhi na jioni. Tumekubali kubadilishana shida. Mbwa wa nje anazuiwa na ukuta. Dume wa ndani anayenusa jike usiku kucha hazuiwi na kitu: hali, halali, na asubuhi anakuwa hafai kazini.

1 hadi 8 Februari. Zege kabla ya masika

Banda ni la vizimba vitatu, kila kimoja mita 2 kwa 4, nusu chini ya bati na nusu wazi. Sakafu yote ni mita 6 kwa 4, unene sentimita 10, yaani mita za ujazo 2.4. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) imekula mifuko 16 ya kilo 50. Imemwagiliwa maji siku saba. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, toka nyuma kwenda mbele. Ukipungua hapo mkojo unatuama, na mkojo wa jike aliye kwenye joto ndio barua yenyewe inayosomwa na madume wa kata nzima.

Kuta za kati ni bloku hadi mita 1.2, wavu juu yake. Wavu mtupu toka chini hadi juu haufai. Mbwa hupandana kupitia wavu, jike akijisogeza na kugeuza mkia, na aliyejenga kwa wavu peke yake atakuja kushangaa watoto wametoka wapi. Kuta zimepigwa lipu laini ndani, kwa sababu kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta, na jike aliyefungiwa wiki nne mahali pamoja ni chakula chao.

Juu ya sehemu ya wazi kuna wavu pia. Mbwa mwenye mafunzo ya kuruka ukuta huruka ukuta.

16 Februari. Uzio wa nje na milango

Uzio wa pili unazunguka banda kwa umbali wa mita 1.5 pande zote, hivyo una mita 9 kwa 7, mzunguko mita 32. Nguzo ni 15: nafasi kati yake haizidi mita 2.35, na moja imeongezwa kwa ajili ya mlango. Urefu mita 2.1, ncha za juu zimepinda kuelekea nje sentimita 40. Chini, mtaro wa sentimita 40 umejazwa zege na wavu umezama ndani yake. Mbwa wa nje huanza kuchimba pale pale wavu unapogusa udongo, hasa mvua ikishalainisha ardhi.

Milango ni miwili yenye kichumba cha mita 1.2 kwa 1.5 katikati. Wa nje unafungwa kwa komeo kabla wa ndani haujafunguliwa. Hakuna "nitaingia mara moja tu". Jike wa siku ya 12 hatoroki kwa kukimbia, anapenya miguuni mwa mtu aliyebeba ndoo.

Kasoro iliyopatikana: chini ya mlango wa nje palibaki pengo la sentimita 9. Mbwa mdogo wa mtaani anapita kwenye sentimita 12 bila taabu, na pua yake ikishaingia kwenye 9 ataichimba iwe 12. Fundi ameongeza bamba la chuma, pengo sasa ni sentimita 3.

22 Februari. Mtaro umegeuzwa

Hili ndilo kosa kubwa la ujenzi. Mtaro wa maji ya kuoshea ulichorwa kufuata mteremko wa kiwanja, na mteremko wa kiwanja unapita nyuma ya vizimba vya madume. Mita 55 za umbali na wiki nzima ya kupima upepo vingefutwa na ndoo moja ya maji ya asubuhi. Tumeuvunja mita 6 za mwisho na kuuelekeza kwenye shimo la kunyonya maji upande wa kusini, kina mita 1.5, limejazwa mawe na kufunikwa kwa zege. Anayejenga aanze na swali la maji machafu yanaishia wapi, ndipo aulize mengine.

1 Machi. Vifaa vya banda

Kila kitu kina alama ya rangi nyekundu na hakitoki: ndoo mbili, ufagio, raba ya kuvutia maji, bakuli, kamba ya mita 2 na nyingine ya mita 6, hanesi, blanketi mbili, buti na koti la mhudumu. Koti ndilo linalosahaulika. Mhudumu akitoka kwa jike na kwenda kulisha madume na nguo ile ile, amewapelekea habari.

Kuosha: kwanza kinyesi kinaondolewa, kisha mkojo unasuuzwa kwa maji mengi, kisha sabuni, ndipo Jik. Jik ya asilimia 3.5 inatiwa mililita 30 kwenye lita moja ya maji, inakaa sakafuni dakika kumi, inasuuzwa. Mkojo usuuzwe kabisa kabla, kwa sababu Jik ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu ya mtu na mbwa. Jike harudishwi kizimbani mpaka sakafu ikauke. Kwa mbwa anayelipwa kwa pua yake hilo ni la lazima.

Nepi za mbwa zimenunuliwa tatu kwa ajili ya safari ya kwa daktari tu, zisichafue gari. Hazizuii mimba. Dume huichana kwa sekunde chache, na jike mwenyewe huivua. Mafuta ya kuchua yenye harufu kali, kitunguu, mafuta ya taa mkiani: hivyo vyote vimekataliwa. Dume hadanganyiki, na mafuta ya taa huunguza ngozi na jike akijilamba anakunywa sumu.

9 Machi. Tausi, siku ya 1

Tishu: P. Uke umevimba kidogo. Ametolewa lindoni jioni hiyo hiyo.

Amepelekwa bandani kwa gari ingawa ni mita 55, tena kwa mlango wa upande. Katika siku hizi jike hukojoa mara nyingi, kidogo kidogo, makusudi, na akitembezwa kutoka getini hadi bandani anaacha njia iliyochorwa kwa mkojo hadi mlangoni pake. Kwa sababu hiyo hiyo kizimba chake cha zamani na keji ya gari vimeoshwa leo, kabla dume yeyote hajapita.

Siku ya 2 hadi ya 8

N kila asubuhi. Uke umevimba na ni mgumu ukiguswa. Katika kipindi hiki madume wanamtaka yeye hawataki: akisogelewa anakaa chini au anatoa meno. Kipindi hiki huchukua siku 9 kwa wastani, lakini siku 3 ni kawaida na siku 17 pia ni kawaida. Anayetumia hesabu ya "siku ya 9 ndipo hatari" bila kumtazama mbwa mwenyewe siku moja ataaibika.

Chakula kimebaki robo kwenye bakuli siku ya 4 na ya 5, si ugonjwa. Dona na mapupu vimepunguzwa kidogo badala ya kuachwa vichache bakulini.

Kazi haijasimama, imehama. Mara mbili kwa siku, dakika 12 kila mara: masanduku sita ya kunusa ndani ya eneo la uzio wa pili, moja likiwa na harufu lengwa. Utii wa kawaida kwa kamba ya mita 2. Mbwa wa kazi aliyefungiwa wiki nne bila kazi hutafuna mlango, hubweka, akirudi ni mzito wa mwili na mwepesi wa hasira. Umakini wa Tausi umeshuka siku zingine, hivyo zoezi linakatwa akiwa bado anashinda.

Matembezi ni saa 5 asubuhi, watu wawili, kamba ya mita 6, kamwe bila kamba hata kama ni mbwa anayeitikia mluzi kilomita nzima. Alfajiri na machweo ndipo mbwa wa kuzurura wanapopita kwa wingi, hivyo saa hizo hatoki.

17 Machi. Siku ya 9: damu imefifia

Tishu ni P iliyopauka, kama maji yaliyooshea nyama. Uke bado mkubwa lakini umelainika. Limeletwa pendekezo kwamba kwa kuwa Nyota naye tishu yake leo ni P, Tausi arudi lindoni wiki hii. Limekataliwa, na sababu zimeandikwa ukutani ili zisijadiliwe upya kila baada ya miezi sita.

Damu hufifia kwa sababu homoni ya mwanzo, estrojeni, inashuka na projesteroni inapanda. Badiliko hilo hilo ndilo linalomfanya jike amkubali dume. Mayai hushuka siku mbili hivi baada ya ishara ya homoni kutoka kwenye ubongo, na yakishashuka hayajakomaa: yanahitaji siku mbili zaidi, kisha yanaishi mbili au tatu. Mbegu za dume nazo huishi ndani ya jike hata wiki. Ukijumlisha, jike aliyepandwa leo na aliyepandwa wiki moja kutoka leo wote wanaweza kuzaa. Damu kufifia maana yake mlango umefunguka.

Daktari wa mifugo amechukua ute kwa kijiti cha pamba na kuutazama kwa hadubini. Mwanzoni mwa joto huonekana seli za aina mbalimbali pamoja na chembe nyekundu za damu. Katikati ya joto karibu zote ni kubwa, bapa, zenye kingo kali. Leo zimekuwa nusu kwa nusu. Kipimo cha projesteroni kinapatikana pia, na hata maabara ya hospitali ya watu inaweza kukifanya kwa sababu homoni ni ile ile: nanogramu 2 kwa mililita ni dalili kwamba ishara imetoka, 5 hivi ni mayai kushuka. Hicho ni cha anayetaka kupandisha. Kwetu sisi hadubini inatosha, na ni rahisi zaidi.

Pengo la malindo limezibwa kwa kumwahirishia mapumziko mbwa mmoja na kuweka askari wawili bila mbwa kwenye lindo lenye taa nyingi. Nyota kaingia kizimba cha tatu. Cha katikati kimeachwa kitupu ili kelele zipungue.

19 Machi. Siku ya 11

Ukimgusa Tausi juu ya kiuno anasimama imara na kugeuza mkia pembeni. Sasa yuko tayari. Hadi siku ya 20 hatoki nje ya uzio wa pili kabisa, matembezi yamefutwa.

22 Machi. Siku ya 14, na karatasi ya ukutani

Mbwa wawili wa nje wamelala kando ya uzio toka usiku. Wamechimba sehemu tatu, zege limewazuia.

Hawafukuzwi kwa mkono wala kwa teke. Mbwa wanaokusanyika kwa ajili ya jike hupigana, chanjo zao hazijulikani, na kichaa cha mbwa kipo. Wanaondolewa kwa maji ya bomba kutoka ndani. Mtu akiumwa au kukwaruzwa: jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Hasubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa wetu wote wanane wana chanjo ya mwaka huu na kadi zimebandikwa ofisini.

Karatasi ya pili inahusu jike akipandwa kwa bahati mbaya. Wakishanasana hawavutwi. Kiungo cha dume kimevimba ndani na misuli ya jike imekibana. Kuvuta kunachana wote wawili. Maji ya moto na fimbo ni ukatili usiosaidia kitu, mbegu zimeshatoka. Jike anashikwa kichwa kwa utulivu asilale wala asigeuke kuuma, dume anashikwa ukosi, saa inaandikwa. Kwa kawaida huachana baada ya dakika 10 hadi 30. Kisha daktari anapigiwa siku hiyo. Zipo dawa za kuzuia mimba kutunga, kama aglepristoni, inayochomwa mara mbili kwa kupishana saa 24, lakini lazima uulize mapema kama daktari wako anaweza kuipata. Sindano za estrojeni zilizotumika zamani zinaweza kuharibu uboho na kuleta usaha kwenye kizazi. Tumeziweka upande wa "hapana". Njia nyingine ni kutoa kizazi kwa upasuaji. Asipofanyiwa lolote, watoto ni baada ya siku 63 hivi.

24 Machi. Madume

Dume mmoja hajamaliza chakula siku tatu, amepungua kilo moja na nusu. Mwingine amevunja ukucha akikwangua mlango. Haya ni gharama za jike kwenye joto ambazo watu hawaziweki kwenye hesabu. Tumeweka mabanzi ya mbao mbele ya vizimba vyao upande wa magharibi wasione, chakula kimehamishiwa saa 3 usiku baada ya doria wakiwa wamechoka, na kinaongezwa dagaa. Madume wawili waliozoea kukaa kizimba kimoja wametenganishwa mpaka mwezi uishe. Urafiki wao unarudi baadaye, jicho halirudi.

Uwanja wa mazoezi: madume wote wanamaliza kwanza. Kama jike aliye siku za mwanzo lazima autumie, ni wa mwisho kabisa, na alipokojoa panamwagiwa maji.

29 Machi. Siku ya 21

Tausi hageuzi mkia tena. Hadubini: seli zimebadilika ghafla, ndogo za duara zimerudi pamoja na chembe nyeupe nyingi. Kipindi cha kushika mimba kimefungwa. Anabaki ndani, harufu bado ipo.

5 Aprili. Siku ya 28: kurudi kazini

Masharti manne, yote lazima yatimie: tishu S siku tano mfululizo, uke umerudi ukubwa wake, dume aliyefungwa kamba akipitishwa mita 5 kutoka kwenye uzio hajali, na siku 28 zimefika. Ameoshwa kwa shampuu, hanesi imefuliwa na kuanikwa juani siku mbili. Lindo la kwanza yupo peke yake, bila dume wa kushirikiana, usiku tatu.

Nyota amebakiza siku nane, siku yake ya 28 ni tarehe 13. Siku ambazo malindo yalikosa mbwa wawili kwa pamoja zilikuwa 20. Kwa mwaka ujao hesabu itaanza na mbwa wa akiba wawili mwezi ambao tarehe za majike wawili zinakaribiana.

12 Aprili hadi 21 Juni. Wiki za ndoo ya maji

Baada ya joto, awe amepandwa au hajapandwa, projesteroni hubaki juu miezi miwili hivi. Kizazi kinakuwa kizito, kinga yake inashuka, na vijidudu vilivyopanda wakati mlango ulipokuwa wazi vinaweza kuzaliana humo. Usaha kwenye kizazi hutokea zaidi kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya joto. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga hakuna usaha unaoonekana nje, jike anaonekana mvivu tu, kisha anakufa.

Dalili inayokuja mapema ni kiu. Kwa hiyo tunapima maji. Jioni ndoo inatiwa lita 4 kwa jagi lenye alama, baada ya saa 24 yaliyobaki yanapimwa na kutolewa. Mbwa mwenye afya hunywa takribani mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kazi na joto la hewa huongeza. Zikivuka 100 kwa kilo, ni shida. Kwa Tausi mstari mwekundu ni lita 2.6, kwa Nyota mwenye kilo 31 ni lita 3.1. Siku mbili mfululizo juu ya mstari, au siku moja tu ikiambatana na kutapika, kukataa chakula, tumbo kujaa au ute wenye harufu, ni safari ya kwa daktari usiku huo huo. Joto la mwili linapimwa (kawaida ni 38 hadi 39.2), lakini jike anaweza kuwa na usaha bila homa, kwa hiyo kipimajoto kikisema sawa hakitulizi mtu.

Mvua za Aprili zilitia maji kwenye ndoo za nje na kuharibu vipimo vya siku sita. Ndoo zimehamishiwa chini ya bati.

Nyota, wiki ya saba baada ya joto: maziwa yametoka, anabeba kiatu cha mhudumu na kukilinda. Hii ni mimba ya uongo. Hakamuliwi wala matiti hayakandwi, maana kukanda kunaita maziwa zaidi. Kiatu kimeondolewa, kazi imeongezwa, chakula kimepunguzwa kidogo. Imeisha baada ya siku 16.

28 Juni. Kanga: damu isiyo ya joto

Tishu ya Kanga ilikuwa N tarehe 9 Juni na akaandikwa "siku ya 1". Siku ya 19 bado N, uke haujavimba kwa namna ya joto, madume hawana habari naye. Hayo mawili kwa pamoja yalitosha kumpeleka kwa daktari, na yalitosha hata siku ya 8, utaratibu umerekebishwa. Ndani ya uke kuna nyama iliyoota, laini, yenye umbo la koliflawa, inayotoka damu ikiguswa. Ni uvimbe wa kuambukiza wa sehemu za siri, unaohamishwa kwa kupandana na hata kwa kunusana na kulambana, seli za mbwa mgonjwa zikipandikizwa kwa mzima. Huonekana miezi miwili hadi sita baada ya kuambukizwa, na kati ya mbwa wa kuzurura si nadra hata kidogo.

Unatibika vizuri. Vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita, chini ya daktari, chembe za damu zikipimwa kabla ya kila dozi. Dawa ikitoka nje ya mshipa inaozesha nyama. Mkojo na kinyesi vinashikwa kwa glavu siku kadhaa baada ya kila sindano, na mhudumu mjamzito hahusiki kabisa. Kanga yuko kizimba cha kati, kazi hakuna.

Kwenye daftari imeongezwa safu mpya: mbali na rangi ya tishu, uke umevimba au la, madume wanajali au la. Damu bila hayo mawili, siku ya tatu anaonwa na daktari. Damu inayopita siku 24, hivyo hivyo.

5 Julai. Nani atolewe kizazi

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inayotolewa kwa kina mama imependekezwa na jirani kama njia rahisi. Hapana. Ni projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, inafanya kizazi kile kile tulichokipimia maji wiki 12 kiwe hivyo kwa muda mrefu zaidi, na inaongeza hatari ya usaha, uvimbe wa matiti na kisukari.

Tausi na Kanga hawatazalishwa, hivyo watafanyiwa upasuaji. Wakati mzuri ni miezi mitatu hivi baada ya joto, mishipa ya kizazi ikiwa imesinyaa na damu haitoki nyingi. Tausi ni sasa: wiki ya pili ya Julai. Kanga ni baada ya kumaliza matibabu na chembe za damu kurudi sawa. Nyuzi siku 10 hadi 14, matembezi ya kamba tu kipindi hicho, kuruka na kushika mkono wa mazoezi si kabla ya wiki nne. Baada ya hapo chakula kinapunguzwa karibu robo na mbwa anapimwa uzito kila wiki mbili, kwa sababu mwili wake utahitaji kidogo kuliko mdomo wake.

Nyota anabaki mzima. Tarehe yake inayofuata, kwa wastani wa miezi saba, ni katikati ya Oktoba. Tishu inaanza tarehe 26 Septemba. Kabla ya hapo: bawaba ya mlango wa ndani ibadilishwe, lipu ya kizimba cha tatu izibwe nyufa mbili, na shimo la kunyonya maji lifunguliwe likaguliwe kabla ya vuli.